Klachi ya automatiki kwa pikipiki ya porini: kabla ya kuuliza chapa, uliza nafasi inarekebishwa wapi

#1 – Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu.

Swali la klachi ya automatiki kwa pikipiki za porini linarudi kila mara, na majibu huwa yale yale. Mmoja anataja chapa, mwingine anasema ni anasa, wa tatu anasema jifunze kwanza kuendesha. Muulizaji anaondoka na jina la chapa bila kujua ananunua nini. Mimi pikipiki hizi nazifungua na kuzifunga, na naziendesha kwenye mawe, matope na vilima, na msimamo wangu ni huu: kabla hujauliza chapa ipi, uliza nafasi ya hiyo klachi, yaani uwazi mdogo ndani yake, inarekebishwa wapi na kwa spana gani. Hapo ndipo inapoamuliwa kama utaifurahia au utaiunguza. Nitaeleza kwa nini, mtanivumilia kwa urefu.

Kwanza tuelewane. Hapa hatuzungumzii giaboksi ya automatiki. Gia unabadilisha mwenyewe kwa mguu kama siku zote. Kinachojiendesha ni klachi peke yake: resi (mizunguko ya injini kwa dakika) zikishuka inaachia, ukivuta mafuta inashika. Unaweza kusimama ukiwa gia ya kwanza, mikono imelegea, injini inanguruma taratibu na haizimi. Ukivuta mafuta, unaondoka.

Wazo lenyewe ni la zamani. Honda Super Cub ya mwaka 1958 ilikuja na klachi ya namna hiyo, bila leva ya klachi kabisa, na pikipiki nyingi za watoto kama Honda CRF110F zinafuata njia ile ile hadi leo. Ile ya Honda Africa Twin iliyoanza kuuzwa mwaka 2016, DCT, ni kitu kingine. Ina klachi mbili na inabadilisha gia yenyewe, na huwezi kuinunua pembeni ukaipachika kwenye pikipiki yako ya porini. Tunayoizungumzia ni ile unayofunga ndani ya basketi ya klachi iliyopo, kile kikombe kinachobeba pleti, na leva yako ya mkono wa kushoto inabaki inafanya kazi. Hilo la leva kubaki wengi hawalijui, na ndiyo sababu wanaogopa.

Inafanyaje kazi? Kitu chochote kinachozunguka kinataka kuruka nje. Kampuni ya Rekluse, iliyoanzishwa mwaka 2002 kule Boise, Idaho, Marekani, na Al Youngwerth, ilianza na mfumo wa gololi. Gololi za chuma zinakaa kwenye vijia vyenye mwinamo ndani ya presha pleti, ile sahani inayobana pleti nyingine. Resi zikipanda, gololi zinakimbilia nje, zinapanda ule mwinamo, na zinasukuma pleti zishikane. Ule mfumo uliitwa z-Start. Baadaye wakaja na EXP, ambayo ndiyo utakayokutana nayo zaidi sasa. Hapa diski moja ya klachi inatolewa, na mahali pake inaingia diski nene yenye kabari ndani yake. Kabari zikitupwa nje, diski inatanuka unene na kubana pleti nyingine zote. Vispringi vidogo vinazivuta kabari zirudi ndani resi zikishuka.

Sasa shika hili. Ile nguvu ya kutupa nje haipandi sambamba na resi, inapanda kwa mraba wake. Resi zikiongezeka mara 2, nguvu inaongezeka mara 4. Kwa hiyo kutoka pale klachi inapoanza kugusa hadi pale inaposhika yote ni safari fupi sana. Na kumbuka basketi haizunguki sawa na injini. Kuna gia ya kupunguza kati yake na shafti ya injini, mara nyingi yenye uwiano wa kati ya 2 na 3.5 kwa 1. Injini ikiwa kwenye resi 1,800, klachi inaweza kuwa inazunguka 600 tu. Kila kitu kinaamuliwa ndani ya eneo dogo hilo, na ndiyo maana vispringi vya rangi tofauti vinavyokuja kwenye boksi si vya kutupa kabatini.

Springi laini, klachi inashika mapema. Springi ngumu, inashika resi zikiwa juu zaidi. Anayepita taratibu kwenye mizizi na mawe anataka ishike mapema kidogo na kwa upole. Anayeanza mbio za motokrosi anataka ishike juu ili injini iwe tayari kwenye nguvu yake. Lakini ukiiweka juu sana na wewe ni mtu wa mwendo wa kobe, utakuwa unaisugua muda wote, na kusugua ni joto.

Kuna ngazi tatu za ununuzi. Ya chini ni diski ya EXP peke yake na springi zake, pleti nyingine unabaki na zako. Ya kati, kama RadiusX ya Rekluse hao hao, inakuja na pleti zote mpya, nyembamba na nyingi zaidi kuliko za kiwandani. Ya juu, RadiusCX na Core EXP, inakuja hadi na habu (kitovu cha katikati ya klachi), presha pleti na mfuniko wa pembeni. Watu wanadhani tofauti ni anasa. Tofauti kubwa ni joto na ugumu: habu nene na mfuniko unaobeba oili zaidi vinaifanya klachi ivumilie kuchokozwa kwa muda mrefu. Kama unapanda vilima vya mawe saa nzima, utaiona tofauti. Kama unazunguka njia za msituni mwisho wa wiki, ngazi ya chini inakutosha kabisa, usidanganywe.

Rudi sasa kwenye neno langu la mwanzo, nafasi. Injini ikiwa chini na kabari zikiwa zimelala, lazima kuwe na uwazi mdogo kati ya pleti na presha pleti. Uwazi huo ukiwa mdogo mno, pleti haziachani: pikipiki inavuta yenyewe, nyutro haipatikani, injini inazima. Ukiwa mkubwa mno, kabari zinatanuka lakini hazina pa kubana vya kutosha: klachi inateleza, inaungua. Hakuna klachi ya automatiki, ya chapa yoyote, inayokwepa sheria hii. Na pleti zinaliwa, kwa hiyo uwazi unabadilika kadiri unavyoendesha.

Mifumo ya zamani ilirekebishwa kwa kufungua mfuniko na kubadilisha pleti ya chuma kwa nyingine nene au nyembamba. Mifumo mipya inarekebishwa kwa nje: kwenye klachi ya waya unatumia kirekebisho cha waya, kwenye klachi ya haidroliki unapewa silinda mpya ya chini, ile inayosukuma klachi upande wa injini, yenye skrubu ya kurekebisha. Kati ya kiti mbili (yaani seti za vipuri vya kufunga), chukua ile unayoweza kuirekebisha ukiwa umepiga goti njiani, glavu zimevuliwa, bila kufungua hata nati moja ya mfuniko. Vitu vingine vyote vinakuja baada ya hapo.

#2

Mkuu umeeleza vizuri. Mimi nina 450 ya mipigo minne na shida yangu ni moja: kwenye vilima vya mawe, tairi la nyuma likigonga jiwe na kusimama, injini inazima palepale. Kuiwasha huku umeshikilia mlima ni vita. Klachi yangu ni ya haidroliki. Nachukua ngazi gani?

#3

Naomba kutofautiana na mleta mada kwa heshima. Klachi ndiyo kiungo cha dereva. Ukimwondolea mtu kazi ya klachi, unamwondolea nusu ya ustadi. Kwenye mawe ya ngazi unahitaji kuachia klachi kwa ghafla ili tairi la mbele lipande, na hilo kidole kimoja kinalifanya vizuri kuliko kabari. Nimeona vijana wanafunga automatiki mwezi wa kwanza wa kuendesha, halafu wakikaa kwenye pikipiki ya mtu mwingine wanashindwa hata kuondoka. Kwa tatizo la #2, ashushe sproketi kwanza. Kutoka meno 14 mbele hadi 13, nyuma ikibaki 50, unapata uwiano wa 3.85 badala ya 3.57. Karibu asilimia 8 ya nguvu zaidi ya kuvuta, kwa kipande kimoja cha chuma. Na aongeze uzito kwenye flaiwili, lile gurudumu linalozunguka na injini, haitazima ovyo.

#4 – Mleta mada

#3, kuhusu sproketi na uzito wa flaiwili nakubaliana nawe, na ningemshauri mtu aanze hapo kabla ya kufungua klachi. Pikipiki nyingi zinatoka kiwandani na gia ya kwanza iliyo ndefu mno kwa mawe. Mtu ananunua klachi kutibu ugonjwa wa sproketi, na klachi inaungua kwa sababu bado anaendesha kwa mwendo ambao gia yake haiuwezi.

Kuhusu ustadi, nadhani tunapishana. Leva ipo. Kuinua tairi la mbele kwa kuachia klachi kwa ghafla bado unaweza, unavuta leva, unapandisha resi, unaachia. Tena kwa sababu resi ziko juu, kabari tayari zimetanuka, na leva inafanya kazi karibu kama klachi ya kawaida. Kinachoondoka ni ile kazi ya kuokoa injini isizime, ambayo kwenye kilima kirefu inachosha mkono hadi vidole vinashindwa hata kushika usukani. Mkono uliokakamaa ni hatari, na hapo mimi naona klachi hii ni chombo cha usalama. Anayeanza kabisa, hapo nakubali nusu: ajifunze klachi ya mkono kwanza, aijue, kisha achague.

#2, kwako jibu ni rahisi zaidi. Injini kubwa ya silinda moja ya mipigo minne ndiyo inayofaidika zaidi. Ina msukumo wenye nguvu lakini inazima upesi tairi likifungwa. Chukua kiti yenye silinda ya chini inayorekebishika. Kama vilima vyako ni vya dakika chache, ngazi ya kati. Kama ni vya kutwa, nenda ya juu, kwa sababu joto la 450 si la mchezo.

Lakini kabla hujatoa pesa, angalia mwaka wa pikipiki, si jina tu. Kiti zinatengenezwa kwa modeli na mwaka. Injini moja inaweza kuitwa jina lile lile miaka mitano na ndani klachi ikawa imebadilishwa. Kwa mfano, injini nyingi za KTM zina springi moja ya sahani mahali pa springi za kuzunguka, na kiti za aina hizo mbili haziingiliani. Wenye Husqvarna na GasGas za miaka ya karibuni wana bahati kidogo, kwa kuwa kampuni hizo ziko chini ya KTM na injini nyingi ni zile zile, kwa hiyo kiti moja mara nyingi inahudumia wote. Hata hivyo soma namba ya modeli, usikisie.

#5

Swali la mteremko. Nimesikia ukifunga hii kitu breki ya injini inapotea. Huku ninakoendesha nashuka sana, naogopa.

#6 – Mleta mada

#5 umeuliza swali zito kuliko yote, na ningependa kila anayetaka kununua alisome hili mara mbili.

Breki ya injini haipotei moja kwa moja. Diski yenye kabari inazunguka pamoja na basketi, na basketi imeunganishwa na injini. Ukiwa unashuka kwa kasi inayoiweka injini juu ya resi za kushika, tairi linaizungusha injini, kabari zinabaki nje, na injini inakuzuia kama kawaida. Tatizo ni pale unapopunguza sana. Resi zikishuka chini ya kiwango, kabari zinarudi ndani, klachi inaachia, na ghafla pikipiki inaserereka kama iko nyutro. Kwenye mteremko mkali wa udongo hiyo sekunde moja inashtua.

Dawa yake ni kugusa mafuta kidogo sana. Unapandisha resi, kabari zinatoka, klachi inashika tena, unafunga mafuta, na injini inarudi kukuzuia. Kichwa kinakataa kuvuta mafuta wakati unashuka, lakini ukilifanyia mazoezi kwenye mteremko mdogo linaingia mkononi. Mwenye mipigo miwili hataona tofauti kubwa, kwa sababu injini yake haikuwa na breki ya maana tangu mwanzo.

Sasa ya hatari. Injini ikizima, klachi imeachia. Kwa hiyo pikipiki iliyozimwa ikiwa kwenye gia haisimami mlimani, inarudi nyuma. Ulizoea kuegesha kwenye gia ya kwanza, sahau. Funga breki ya mbele kwa mkanda au mpira imara, au ilaze ubavu. Na ukizimikiwa katikati ya kilima, kilichobaki ni breki tu, usitegemee gia ikushike.

Nyingine ni hii, nayo naiandika kwa uchungu kwa sababu watu wanaichukulia poa. Pikipiki ikiwa inanguruma kwenye gia ya kwanza, inaonekana kabisa kama iko nyutro. Imetulia. Mtu anashuka, anaisukuma kwa pembeni, mkono wa kulia umeshika mafuta, au mtoto anakuja anazungusha mkono aone. Inaruka mbele na nguvu zake zote. Ukishuka kwenye pikipiki yenye klachi hii, zima injini. Si kuweka nyutro tu, zima. Na ukimwazima mtu, mwambie kabla hajaishika.

#7

Mimi ni fundi, niongeze ya kufunga maana wengi wanaogopa bure. Ngazi ya chini na ya kati mtu mwenye spana za kawaida anafunga mwenyewe.

Laza pikipiki kwa ubavu wa kushoto, upande wa klachi uwe juu. Oili inakimbilia upande wa pili na huna haja ya kuimwaga. Funga koki ya mafuta kwanza kama ni ya kabureta. Toa kanyagio la breki ya nyuma kama linazuia mfuniko. Safisha eneo lote kabla ya kufungua, kwa sababu punje moja ya mchanga ndani ya klachi ni kesi. Springi za presha pleti legeza kwa msalaba, kidogo kidogo, usimalize moja kabla ya nyingine.

Pleti zikitoka, usikimbilie kuingiza mpya. Angalia vidole vya basketi. Pale masikio ya pleti yanapogonga huwa kunachimbika vishimo. Pitisha ukucha. Ukucha ukikwama, pleti nayo itakwama. Kwenye klachi ya kawaida utavumilia kwa muda, kwenye automatiki hutavumilia, kwa sababu pleti lazima ziteleze zenyewe kwa nguvu ndogo resi zikiwa chini. Vishimo vidogo vinasawazishwa kwa tupa laini, kila kidole sawa na mwenzake. Vikiwa virefu, basketi mpya. Watu wengi wanaolalamika kwamba automatiki yao inavuta ikiwa imesimama, ukifungua unakuta basketi imeliwa, klachi haina kosa.

Pleti za msuguano ziloweke kwenye oili kabla ya kuzipanga, dakika 5 ni kima cha chini. Mpangilio ufuate karatasi, pleti kwa pleti, na unene uliotajwa. Boliti za presha pleti zikazwe kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), hizo ni boliti ndogo zilizoingia kwenye aluminiamu na zinang'oka nyuzi upesi. Ngazi ya juu yenye habu mpya inahitaji kifaa cha kuishika habu ili ulegeze nati kubwa ya katikati. Usiizuie kwa bisibisi kati ya gia. Kama huna kifaa, mpe fundi.

Oili iwe ya pikipiki zenye klachi ya kulowa, iandikwe JASO MA au MA2. Oili nyingi za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. Kwenye mipigo miwili oili ya giaboksi haichanganyiki na ya injini na mara nyingi haifiki lita moja, kwa hiyo ibadilishe mapema hasa baada ya safari za kwanza. Ikitoka nyeusi na harufu ya kuungua, usijaze mpya ukaondoka. Fungua uangalie.

#8

Nimenunua pikipiki iliyotumika, mipigo miwili 300, ikiwa na hii klachi ya kabari, ya waya. Ikiwa baridi inaenda vizuri. Ikipata moto kwenye mlima, resi zinapanda lakini mwendo hauongezeki. Pleti nimezitoa, za chuma zina rangi ya bluu. Nianzie wapi?

#9 – Mleta mada

Ndugu #8, hiyo bluu ni ya joto, klachi imeteleza muda mrefu. Pleti za chuma ziweke juu ya kioo au meza ya marumaru, uangalie kama zimepinda. Iliyopinda haitumiki tena. Za msuguano zikiwa zimeng'aa kama zimepigwa rangi, nazo zimekwisha. Fungua pia diski ya EXP, angalia kabari kama zinatembea bila kukwama na springi zake zote zipo, hakuna iliyokatika wala kulegea.

Ukishafunga upya, jifunze kipimo cha mpira wa kufungia (rababendi). Hiki ndicho nilichokuwa nakizunguka tangu bandiko la kwanza. Pasha injini kwanza, maana pleti zikiwa na moto zinavimba na kipimo cha baridi kitakudanganya. Weka nyutro. Chukua mpira, uzungushe kwenye leva ya klachi na mshikio, uvute leva kidogo tu, kiasi cha kuondoa ulegevu wa waya. Sasa piga resi moja kali, uache ishuke. Tazama ncha ya leva. Kabari zinapotanuka zinaiinua presha pleti, waya unalegea, na mpira unaivuta leva kuelekea mshikio. Leva inapiga kama moyo. Mchezo huo unatakiwa uwe takriban milimita 3, na karatasi ya kiti yako itakupa kipimo chake kamili.

Leva ikibaki palepale, uwazi ni mkubwa, kabari zinafanya kazi hewani, na hapo ndipo pleti zako zilipogeuka bluu. Legeza waya kidogo, robo mzunguko wa kirekebisho, upime tena. Leva ikiruka sana, uwazi ni mdogo, pikipiki itavuta na kuzima. Kaza waya kidogo. Fundi aliyezoea klachi ya kawaida anatatizika hapa, kwa sababu mkono wake umezoea kurekebisha waya kwa kufuata ulegevu wa leva. Hapa ulegevu wa leva ukiwa umesimama haukuambii kitu. Kinachokuambia ni namna leva inavyotembea resi zikipanda.

Kadiri pleti zinavyoliwa, uwazi unakua na mchezo wa leva unapungua. Kwa hiyo pima kila kabla ya safari, haichukui muda. Mwenye pikipiki kabla yako huenda aliirekebisha vizuri siku ya kufunga na hakuigusa tena.

Baada ya kufunga, weka resi za chini sawasawa, injini ikiwa na moto. Zikiwa juu mno, kabari zinagusa hata ukiwa umesimama, na klachi inasugua muda wote bila wewe kujua. Zikiwa chini mno, injini inazima kabla klachi haijaamua. Kisha endesha kwa gia moja chini ya ile uliyoizoea. Klachi hii inapenda injini izunguke. Kupanda mlima kwa gia ya tatu resi zikiwa chini ni kuipika.

#10

Wakuu, mimi nataka kwa sababu tofauti. Mguu wangu wa kulia haukunjiki vizuri baada ya kuvunjika, breki ya nyuma inanitesa. Nimesikia leva ya klachi inaweza kugeuzwa kuwa breki?

#11 – Mleta mada

Ndiyo, na pole sana kwa mguu. Kuna kiti za breki ya nyuma ya mkono wa kushoto. Zipo za aina mbili. Ya kwanza inaondoa leva ya klachi kabisa na kuweka pampu ya breki mahali pake, kama baiskeli. Ya pili inaongeza leva nyembamba ya pili juu au chini ya ile ya klachi, au kitufe cha kusukuma kwa dole gumba. Nyingi zinaacha kanyagio la mguu lifanye kazi pia.

Kwako ningependekeza ile ya leva mbili, angalau mwanzoni. Ukiondoa klachi ya mkono kabisa, siku kabari zikikwama zikiwa nje huna cha kuvuta. Tena hata wenye miguu mizima wanazipenda. Kwenye kona ya kulia mguu wako uko nje, kanyagio huligusi. Kwenye mteremko mkali umesimama na kiuno kiko nyuma kabisa, mguu unatafuta kanyagio haupati. Mkono wa kushoto wakati huo hauna kazi. Anza kwenye uwanja tambarare, kwa sababu mkono una mazoea ya kuvuta leva ile wakati wa hofu, na safari hii ukiivuta tairi la nyuma linafunga.

#12

Swali la mwisho kutoka kwangu. Pikipiki yangu haina kiki, ni selfu tu. Betri ikifa porini, nikisukuma itawaka?

#13 – Mleta mada

Kama ilivyo, haitawaka. Ukiisukuma, tairi linazunguka lakini klachi imeachia, injini haipati habari. Kwenye mifumo ile inayotengeneza uwazi kwa waya au kwa skrubu ya silinda ya chini, kuna njia: unaondoa uwazi wote, yaani unalegeza waya kabisa, au unarudisha skrubu hadi presha pleti ikae moja kwa moja juu ya pleti. Hapo klachi inakuwa ya kawaida. Unaweka gia ya pili, unavuta leva, unapata mwendo kwenye mteremko, unaachia. Ikishawaka usizime, weka nyutro na urudishe uwazi ulivyokuwa. Kwa hiyo hesabu mizunguko ya kirekebisho wakati unalegeza, au weka alama ya rangi kabla ya kugusa.

Mifumo ile ya zamani ambayo uwazi umefungwa ndani kwa unene wa pleti haina njia hiyo. Mwenye selfu tu na klachi ya namna hiyo abebe kibetri kidogo cha kuamshia, kile kinachoingia kwenye mkoba wa kiunoni, na waya zake. Na akague chaji yake usiku kabla ya safari.